Mtoto akigongwa kichwa uwanjani: nani anaamua, na anarudi lini kucheza?

Mratibu_Pasua

Wakuu, habari za humu. Tunaendesha mazoezi ya soka na netiboli kwa watoto wa miaka 8 hadi 14 hapa Moshi. Likizo ya Juni tunapokea timu kutoka Arusha na Boma Ng'ombe kwa bonanza la siku mbili, na kabla ya hapo nataka tuwe na utaratibu wa maandishi kuhusu mtoto anayeumia kichwa. Mchubuko, kuteguka na damu ya pua tunavimudu. Kinachotutatiza ni mtoto aliyegongana kichwa na mwenzake au aliyeanguka kwa kisogo: hazimii, anainuka, anamwagiwa maji ya baridi kichwani, anasema "niko poa". Kocha anataka arudi, na mara nyingi mzazi aliye pembeni naye anataka arudi.

Naomba kujua: nani awe na neno la mwisho? Dalili zipi ni za kukimbiza hospitali na zipi ni za kumpumzisha nyumbani? Usiku ule mzazi aambiwe nini? Na akishapona, anarudi baada ya muda gani? Nasikia wiki moja, wengine wanasema mwezi.

Sista_Kibosho

Mratibu, pole na majukumu. Mtoto akishukiwa tu kuwa ubongo umetikisika, anatoka na siku hiyo harudi, hata kama baada ya robo saa anasema kichwa hakiumi tena. Uhakika ni kazi ya daktari. Kazi ya uwanjani ni kushuku na kutoa.

Mtikisiko wa ubongo unatokea kichwa kinaposukwa ghafla, na si lazima kichwa chenyewe kiguswe. Kupigwa kikumbo kifuani kunatosha kama nguvu imefika juu. Wengi hawazimii kabisa. Dalili huweza kuchelewa kwa saa kadhaa, hata siku moja au mbili. Kipindi hicho seli za ubongo zinahitaji nishati nyingi zaidi kujirekebisha, na damu inayozifikia huwa imepungua. Akigongwa tena hapo, kupona kunachukua muda mrefu zaidi, na kwa watoto na vijana, mara chache sana, ubongo huvimba kwa kasi na kuua. Mwaka 2006 huko Washington, Marekani, Zackery Lystedt, mchezaji wa miaka 13 wa soka la Kimarekani, alirudishwa kwenye mechi ileile baada ya kugonga kichwa, akaanguka mechi ilipoisha na kubaki na ulemavu. Mwaka 2009 jimbo hilo likatunga sheria yenye jina lake: mzazi na mchezaji wanasaini karatasi ya maelezo kila mwaka, anayeshukiwa anatolewa papo hapo, na harudi bila ruhusa ya maandishi ya mtaalamu wa afya. Kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria za aina hiyo. Hayo mambo matatu unaweza kuyaweka kwenye utaratibu wako bila kusubiri sheria yoyote.

Neno la mwisho asiwe nalo kocha wala mzazi. Teua mtu mmoja asiyefundisha timu yoyote inayocheza, mtaje kwa jina kwa makocha wote na refa kabla ya mechi ya kwanza, na iandikwe kwamba uamuzi wake wa kumtoa mtoto haujadiliwi. Kocha anaruhusiwa kumtoa mtoto, haruhusiwi kumrudisha.

Cha kutazama: amelala bila kusogea baada ya kugongwa, anainuka polepole, anayumba, ameshika kichwa, macho yamekodoa pasipo kutazama kitu, anajibu kwa kuchelewa, anasahau yuko upande gani. Watoto wadogo mara nyingi hawasemi "kizunguzungu". Wanalia wasinyamaze, wanakuwa wakali, au wanataka kulala. Wanaojieleza watataja kichwa kuuma, kichefuchefu, mwanga au kelele kuwakera, au watasema tu "sijisikii sawa". Hilo la mwisho lichukulie kwa uzito kama mengine.

Maswali ya haraka kwa wa miaka 12 na kuendelea: tuko uwanja gani, hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili, nani kafunga goli la mwisho, mechi iliyopita mlicheza na nani? Kwa wadogo: sasa ni kabla au baada ya chakula cha mchana, mwalimu wako wa darasa anaitwa nani? Akikosa moja, anatoka. Akijibu yote lakini anayumba, anatoka vilevile. Watu wengi hapa hukosea, wanafanya maswali kuwa mtihani wa kumrudisha mchezaji.

Maji ya baridi yanamshtua afumbue macho, basi. Hayatibu kitu, na benchi zima linaamini kapona.

Dalili za kwenda hospitali mara moja: kuzimia hata sekunde chache, degedege, kutapika zaidi ya mara moja, maumivu ya kichwa yanayozidi, kuona vitu viwili, ganzi au udhaifu wa mikono au miguu, kuchanganyikiwa kunakoongezeka, usingizi mzito asioweza kuamshwa vizuri, shingo kuuma, damu au majimaji puani au sikioni. Kwa Moshi mjini, Mawenzi iko katikati ya mji na KCMC ina wataalamu na CT-skani (mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa). Kwa timu za Arusha, kila mratibu apige simu siku moja kabla kwa hospitali atakayoitumia huko kwao kwa mtoto atakayebadilika usiku, aulize kama CT-skani inafanya kazi wikiendi ile. Msianze kuulizia mkiwa njiani.

Shingo ikiuma au mtoto akiwa amezimia, msimwinue. Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa, akishike kwa viganja pande zote mbili kikae alivyokikuta, na mechi isimame mpaka gari lifike. Kama anatapika, mgeuzeni kwa ubavu mwili mzima kwa pamoja, watu watatu au wanne, kichwa kikifuata mwili. Tena nasisitiza: asipakiwe bodaboda. Mtoto mwenye kizunguzungu aliyebanwa katikati ya dereva na mtu mzima, bila kofia, anaweza kulegea na kuanguka njiani. Kuwe na gari moja uwanjani siku zote mbili, dereva anajulikana, na halikufungiwa njia na magari ya wazazi.

CT-skani inatafuta damu na mpasuko wa fuvu. Mtikisiko wa ubongo hauonekani kwenye picha hiyo. Mzazi akikuambia "picha imetoka safi, mwache acheze fainali kesho", picha hiyo haijajibu swali la kucheza.

Usiku: mtoto asiachwe peke yake saa 24 za kwanza. Akishaonekana yuko sawa kwa saa chache, mwacheni alale. Ile desturi ya kumnyima usingizi usiku kucha inamchosha tu. Mtu mzima alale chumba kimoja naye, amwangalie anavyopumua, na kama daktari ameagiza aamshwe basi afuate hivyo. Dawa ya maumivu ni paracetamol peke yake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 30 ni miligramu 300 hadi 450, yaani vile vidonge viwili vya 500 vya mtu mzima vinamzidi. Diclofenac na ibuprofen ziachwe saa 48 za kwanza kwa hofu ya damu kuvujia ndani, na aspirini mtoto hapewi kabisa.

Kuna mtego wa huku kwetu. Mtoto anaamka Jumapili kichwa kinauma, anatapika, mzazi anasema malaria, anapita duka la dawa ananunua dawa ya mseto. Hizo ni dalili zilezile. Kipimo cha haraka cha malaria kifanyike, lakini hata kikitoka chanya lazima mhudumu aambiwe kwamba mtoto aligongwa kichwa Jumamosi saa ngapi. Ndiyo maana kila anayetolewa aondoke na karatasi: saa ya tukio, aligongwaje, dalili zilizoonekana, dawa aliyopewa na kipimo chake, na nyuma yake dalili za hatari kwa Kiswahili cha kawaida. Kama mtoto anaishi na bibi, karatasi ifike kwa bibi. Haitoshi kumtumia ujumbe mama aliye kazini Dar.

Fizio_Arusha

Sista amemaliza upande wa siku ya kwanza. Mimi niseme kuhusu kurudi, maana hapo ndipo "wiki moja" na "mwezi" zinapotoka.

Mkutano wa kimataifa wa Amsterdam wa Oktoba 2022 kuhusu mtikisiko wa ubongo michezoni ulisisitiza jambo moja kubwa: mtoto hafungiwi tena chumbani gizani mpaka dalili ziishe. Anapumzika kiasi saa 24 hadi 48, simu na televisheni zinapunguzwa, halafu anaanza kutembea na shughuli ndogondogo hata kama dalili kidogo bado zipo. Kukaa kitandani wiki nzima kunachelewesha kupona.

Ngazi ni sita, kila moja angalau saa 24. Ya kwanza ni shughuli za kila siku zisizozidisha dalili. Ya pili ni mazoezi ya moyo bila mpira: kutembea haraka au baiskeli ya kusimama, kwanza mapigo yasizidi asilimia 55 ya kiwango cha juu, kisha asilimia 70. Huhitaji saa ya kisasa. Toa umri kwenye 220. Mtoto wa miaka 12 anabaki na 208. Mguse shingoni au kwenye kifundo cha mkono, hesabu sekunde 15: mapigo 28 ndiyo ukomo wa kwanza, 36 ndiyo ukomo wa pili. Ngazi ya tatu ni kukimbia na kubadili mwelekeo akiwa peke yake, mbali na timu. Ya nne ni mazoezi na timu bila kugusana, pasi na mbinu. Ya tano ni mazoezi kamili, na ya sita ni mechi.

Kabla ya kila zoezi muulize maumivu yako ngapi kati ya 0 na 10. Yakipanda kwa zaidi ya alama 2, au yakidumu zaidi ya saa moja, acha, mjaribu tena kesho kwenye ngazi ileile. Kuanzia ya nne na kuendelea sharti dalili ziwe zimeisha kabisa, hata baada ya kukimbia kwa nguvu, na ruhusa ya daktari iwe mkononi.

Sasa ukijumlisha saa 24 kwa ngazi, hesabu ya makaratasi inakupa siku sita na watu wanasema wiki. Kwa mtoto usifanye hivyo. Watoto wengi wanahitaji hadi wiki nne. Mwongozo wa Uingereza wa 2023 kwa michezo ya ngazi ya chini unaweka ukomo rahisi kwa mahali pasipo na daktari wa timu: mazoezi yenye hatari ya kugongwa kichwa ni baada ya siku 14 bila dalili akiwa ametulia, na mashindano si kabla ya siku ya 21. Chukueni huo. Kwa bonanza la siku mbili maana yake ni kwamba aliyetolewa Jumamosi amemaliza bonanza.

Shule inatangulia michezo. Mtoto anayeumwa kichwa akisoma nusu saa bado hajafika ngazi ya tatu. Mwandikieni mwalimu wa darasa: siku za kwanza apewe mapumziko katikati ya vipindi, asipewe majaribio mfululizo, asishirikishwe mchakamchaka. Na jambo ambalo miongozo ya Ulaya haina: asibebe ndoo ya maji kichwani, nyumbani wala shuleni, wala mzigo wa kuni. Lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo iliyosukwa, na akipata kizunguzungu njiani anaanguka nazo.

Kocha_Sakina

Nyongeza fupi ya kuzuia, maana tunazungumza kana kwamba kugongwa hakuepukiki.

Magoli ya mabomba yasiyochimbiwa yafungwe mifuko ya mchanga kwenye bomba la nyuma, kila upande, kabla mtoto hajaning'inia kwenye mwamba. Okoteni mawe, na eneo la golikipa limwagiwe maji jioni ya kuamkia mechi kama ardhi imekauka. Netiboli isichezwe kwenye sakafu ya saruji iliyolowa.

Mpira: namba 4 kwa miaka 8 hadi 12, namba 5 kuanzia 13. Wengi wanawapa watoto namba 5 iliyojazwa mpaka inalia kama jiwe. Sheria za soka zinaruhusu upepo wa 0.6 hadi 1.1 atm, kwa watoto kaeni chini, karibu na 0.6. Mpira wa zamani ulionyonya maji uwekwe pembeni.

Vichwa: Marekani tangu 2015 chama chao cha soka kilizuia watoto wa miaka 10 na chini kupiga mpira kwa kichwa, na wa 11 hadi 13 wana kikomo mazoezini. Uskoti ilizuia mazoezi ya vichwa kwa walio chini ya miaka 12 mwaka 2020. Mnaweza kuandika kwenye kanuni za bonanza kwamba kwa kundi la chini ya miaka 12, kichwa cha makusudi ni faulo isiyo ya moja kwa moja. Pia zile kofia laini za kuzuia kugongwa msizitegemee. Haijathibitika kuwa zinazuia mtikisiko wa ubongo kwenye soka, na mtoto aliyevaa anaweza kujiona salama akaingia kwa nguvu zaidi.

Mratibu_Pasua

Asanteni sana, naandika yote. Swali la pili: tuna watoto wenye pumu, mmoja mwenye kisukari cha sindano, wawili wenye selimundu, na wengine wazazi hawasemi. Fomu iulize nini, na hawa wakigongwa kichwa utaratibu unabadilika?

Tabibu_Njiro

Unabadilika, Mratibu, na ndiyo maana fomu na utaratibu wa kichwa viwe faili moja.

Anza na kisukari. Mtoto wa insulini aliyechanganyikiwa, anayetoka jasho na kuyumba dakika ya 30 anaweza kuwa ameshuka sukari, anaweza kuwa amegongwa, au vyote viwili: sukari ilishuka, akapoteza uangalifu, akagongwa. Pimeni sukari kwanza, inachukua chini ya dakika moja. Chini ya 4.0 (mmol/L kwenye mashine) mpe vijiko vidogo vitatu vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au soda ya kawaida nusu kikombe, si ile isiyo na sukari. Pima tena baada ya dakika 15, rudia kama haijapanda. Ikipanda na bado amechanganyikiwa, huyo ni wa kichwa, aende hospitali. Kama hawezi kumeza, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na gari liondoke. Kabla ya mechi, akiwa chini ya 5.0 ale kwanza, ndizi au mkate. Akiwa juu ya 15 na anajisikia vibaya hachezi, apelekwe kupimwa ketoni (asidi zinazojaa mwilini insulini ikipungua).

Kifafa: degedege baada ya kugongwa ni ya hospitali hata kama mtoto anajulikana kuwa na kifafa. Usiseme "ni zake za kawaida". Mlaze ubavu, tazama saa, usimshike kwa nguvu wala kumtia kijiko mdomoni. Wenye tatizo la damu kutoganda, wanaotumia dawa za kuyeyusha damu, na waliowekewa mrija wa kupunguza maji kichwani wanaenda hospitali kwa kugongwa kichwa kokote, hata kama hawana dalili. Fomu iulize hayo matatu kwa maneno mepesi hivyohivyo, kwa sababu ukiuliza "ana ugonjwa wowote sugu?" mzazi ataandika hapana.

Pumu: inhela ya bluu ya salbutamol iwe kwenye begi la timu, isibaki kwenye begi la shule lililofungiwa darasani. Bila spesa, kile chombo cha kati kinachoshika dawa kabla haijavutwa, dawa nyingi inaishia mdomoni. Chupa safi ya plastiki ya nusu lita inafaa: pasha moto waya uliokunjwa kwa umbo la mdomo wa inhela, yeyusha tundu kwenye kitako cha chupa, inhela iingie kwa kubana, ziba pembeni kwa gundi. Ioshe kwa maji ya sabuni na iache ikauke yenyewe. Ukiisugua kwa kitambaa, plastiki inapata chaji na dawa inagandia ukutani. Tikisa inhela, mpulizo mmoja, pumzi 4 hadi 6 kupitia mdomo wa chupa, halafu mwingine, jumla 4. Subiri dakika 4. Asipopata nafuu rudia 4 mkiwa tayari njiani. Kuielesha inhela kwenye maji ili kujua kama imebaki dawa hakutoi jibu la kweli. Kama haina kihesabio, andika mipulizo kwa kalamu ya kudumu ubavuni.

Selimundu: anywe maji kila dakika 15 hadi 20, apumzike anapotaka bila kukaripiwa, asipewe adhabu ya kukimbia, na akitoka jasho avae sweta mara moja, hasa kwenye baridi ya Juni na Julai. Maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au homa ni hospitali siku hiyohiyo.

Fomu iwe na: uzito wa karibuni (bila huo, kipimo cha paracetamol ni kubahatisha), dawa anazotumia na saa zake, mzio wa dawa na chakula, kama amewahi kugongwa kichwa na lini, namba ya bima kama anayo, simu mbili za watu wazima wanaopatikana Jumamosi, na saini ya ridhaa ya matibabu ya dharura. Kuhusu wasiosema: kuna magonjwa ambayo mzazi ana haki ya kuyanyamazia, VVU ikiwemo, na msilazimishe. Ulizeni "kuna dawa ambayo asiikose akiwa nasi?" badala ya jina la ugonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya na za watoto kuwa nyeti, kwa hiyo fomu hazipigwi picha kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Bahasha iliyofungwa kwa kila timu, anayeishika ni yule mliyemteua.

Sista_Kibosho

Naunga mkono Tabibu. Mratibu, kwenye meza ya bonanza weka pamoja: bahasha za fomu, mashine ya sukari na vijiti ambavyo havijaisha muda, pakiti ya sukari na vikombe, inhela na spesa mbili, tochi, glavu, shashi na bandeji, paracetamol, maji safi, karatasi za kichwa 20, saa na kalamu. Aliyeteuliwa asiondoke mezani kwenda kugawa maji wala kurefa mechi ya wadogo. Timu za Arusha zikiondoka jioni kwa basi, mtoto aliyetolewa akae kiti cha mbele karibu na mtu mzima mwenye karatasi yake, na huyo mtu mzima amkabidhi mzazi mkononi huku akimsomea dalili za hatari, si kumshusha kituoni.